Gamza ya Shangazi Tsenka

Valensia, Hispania
6 Oktoba 2002

Shangazi yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwenye jua ambalo halijaambiwa kwamba Oktoba imeingia. Mimi nakula, nalala, nafanya kazi. Bado nakaa chumba kile kile juu ya kinyozi. Mgahawani wamenipandisha cheo: siparui tena magamba ya samaki, nakaanga vitunguu. Usicheke. Mwenzangu mmoja wa jikoni, anaitwa Mateu, anasema hapa mtu hapewi vitunguu mpaka aaminiwe.

Wewe je? Goti linasemaje? Mbuzi hajambo? Na simu ya kijiji, wezi wa nyaya wameiiba tena? Nilipiga wiki nzima nikasikia upepo tu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Haya, sasa neno lenyewe. Kuna Bwana Penchev wa Sofia, anayenunua mteremko wote wa juu ya mto. Ameniandikia. Analitaka shamba letu la mizabibu. Atang'oa mizabibu yetu yote ya gamza na kupanda zabibu nyeusi, zile za divai nzito inayouzwa nje. Nusu ya shamba ni yangu kwa urithi wa baba, nusu ni yako, kwa hiyo bila sahihi yako hakuna kinachofanyika. Nakuomba uende mjini Vidin kwa wakili ukasaini. Nami nitapata nyumba ya vyumba viwili, kimoja chako.

Shangazi, tangu baba afariki umebaki peke yako katika kijiji chenye paka wengi kuliko watu. Uzee huo utauguzwa na nani? Njoo ukae nami. Na usiniandikie kwamba utafikiria. Nenda tu.

Mwanao,
Zornitsa


Ostrovets, Bulgaria
2 Novemba 2002

Zorka wangu,

Barua yako ilifika imelowa, sijui ni mvua ya huko au ya huku, lakini niliisoma yote, hata pale wino ulipokimbia. Hongera kwa vitunguu. Marehemu bibi yako alikuwa akisema anayejua kukaanga kitunguu bila kukiunguza anaweza kuolewa na mtu yeyote. Goti langu linajua hali ya hewa kuliko redio. Mbuzi amekula kamba ya kuanikia nguo na bado ni mzima. Simu, ndiyo, wameiiba tena. Safari hii wamechukua na nguzo.

Mwaka huu mavuno yalitaka kuniua. Gamza unaijua: ngozi nyembamba kama ya kope, na punje zimebanana kwenye kichala kama watoto wanaogombea blanketi moja. Mvua ikikaa juu yake, inaoza kuanzia ndani, na wewe kwa nje unaona kichala kizuri. Basi asubuhi moja mawingu yakaja kutoka ng'ambo ya mto, kwa Waromania, meusi kama masizi. Nikachukua mkasi nikaenda peke yangu. Nilikuwa sijamaliza hata mstari wa kwanza nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Gavril. Unamkumbuka, aliyekuwa fundi wa injini za boti, shamba lake limepakana na letu. Ameshika ndoo huku na huku.

"Tsenka, unavuna au unasali?"

"Navuna. Wewe umekuja kubeba au kucheka?"

"Nimekuja kuyaokoa hayo maji yako mekundu kabla hayajaongezewa maji ya mbinguni."

Tulibishana mteremko mzima. Yeye anaamini divai ikiwa haikuachi na meno meusi, basi hukunywa kitu. Lakini mikono yake ina kasi, siwezi kukataa. Mvua ilitukuta tunafunika mkokoteni. Nikampa supu ya kambare, maana si ustaarabu kumwacha mtu aondoke amelowa vile.

Divai imeshatulia. Imetoka vile baba yako alivyoipenda: ukiinua glasi unaviona vidole vyako upande wa pili. Inanukia cheri, na mwishoni pilipili manga kidogo, kama mtu amepita nayo mlangoni tu. Unakunywa, halafu unataka kusema kitu, halafu unataka kunywa tena.

Vidin sijakwenda. Ni goti. Na basi nalo. Halafu nasikia Jumatano wakili hafungui. Nitakwenda.

Shangazi yako,
Tsenka


Valensia
1 Desemba 2002

Shangazi,

Salamu, tena nyingi. Nimekutumia kahawa na viatu vya manyoya kwa dereva wa basi la Sofia. Mwache avue kofia yake kwanza ndipo umsalimie, anapenda heshima. Hapa tumeanza kupamba mgahawa kwa ajili ya Krismasi. Mateu amening'iniza kitunguu saumu badala ya nyota, mwenye mgahawa hajaona bado.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Niliuliza kuhusu wakili, nikajibiwa kuhusu Gavril. Huyu Gavril amejaa kwenye barua kuliko zabibu zenyewe! Ndiye yule aliyegombana na baba kwa sababu ya mpaka wa shamba? Ndiye uliyekuwa ukimwita "pipa tupu"? Naona pipa limeanza kupewa supu.

Wakili hufungua Jumatano. Nimeuliza.

Shangazi, nisikilize. Bwana Penchev anakuja mwenyewe huko Januari kuliona shamba. Mpokee vizuri. Sisemi haya kwa tamaa. Nataka uwe karibu nami tu, basi.

Mimi sijambo, ila wiki hizi tumbo limenigeuka. Harufu ya vitunguu inanikimbiza jikoni, na divai sitaki hata kuiona. Ni mafua ya tumbo, yatapita. Mateu ananiletea malimau.

Mwanao,
Zornitsa


Ostrovets
16 Februari 2003

Zorka wangu,

Nisamehe kwa kimya. Theluji ilifunga barabara, na ilipofunguka mwenye posta alikuwa ameumwa na bata. Ni kweli, mwulize yeyote. Viatu vimenifaa. Kahawa nimewapa wageni wazuri tu. Ndani ya bahasha hii kuna uzi wako wa Machi, mwekundu na mweupe, uvae mkononi siku ya kwanza ya mwezi kama ulivyofundishwa. Pia kuna soksi. Najua ni ndogo. Uzi wa sufu ulinibakia, nikaona nisiutupe.

Bwana Penchev alikuja. Nilimtegemea mtu wa majivuno, nikampata mtu mstaarabu, ana mafua, anavua viatu mlangoni. Nilimpa mkate wa jibini na glasi ya gamza. Akanywa, akanyoosha glasi tena.

"Mama, divai hii ni tamu," akasema. "Mimi nyumbani ningekunywa hii. Lakini soko linataka nyeusi. Nikipeleka nyepesi wataniuliza nimeichanganya na maji ya wapi."

Gavril alikuwapo. Alikuja kuazima msumeno. Badala ya kuazima msumeno akafungua mdomo: "Bwana anasema kweli, Tsenka. Gamza ni divai ya kuoshea vikombe. Uza."

Mwanangu, nilimpa msumeno na mlango kwa pamoja. Sikusema naye tangu siku hiyo. Akipita barabarani, mimi nilikuwa nasemezana na mbuzi. Kijiji kizima kiliona, na hapa kijiji kizima kina macho kuliko kazi.

Juzi ikawa Sikukuu ya Mtakatifu Trifon. Wanaume walipanda mashambani kupogoa mizabibu ya kwanza, na mimi kwa kuwa sina mwanaume wa kunipogolea, nikapanda na mkasi wangu na mkate wangu. Walimchagua Gavril mfalme wa mwaka. Wakamvika taji la matawi ya mzabibu, wakambeba mabegani, na kwa uzito ule nusura wamwangushe. Mfalme hupaswa kumwagia mizabibu divai yake mwenyewe ili izae. Alishika jagi lake la divai nyeusi, akaliangalia, akaliweka chini kwenye theluji.

"Tsenka!" akaniita mbele ya watu wote. "Jagi lako liko wapi?"

"La kuoshea vikombe?"

"Hilo hilo. Hii mizabibu ikinywa yangu italewa, itasahau kuzaa."

Watu walicheka mpaka padri akalazimika kuanza sala upya. Akamwaga gamza yangu kwenye kila shina alilopogoa. Baadaye akaja mpaka kwenye mstari wetu, taji limemwangukia sikioni.

"Unaomba radhi au unafanya maonyesho?" nikamuuliza.

"Vyote viwili. Supu yangu hainishuki nikila peke yangu."

Basi. Hayo ndiyo ya sikukuu.

Vidin nilikwenda kweli. Nilisimama mbele ya mlango wa wakili, nikanunua samaki sokoni, nikarudi. Sitaki kukudanganya. Sijasaini, na sitasaini mpaka uniambie kitu kimoja: mafua ya tumbo yako yanatarajiwa kwisha mwezi gani?

Nimemkabidhi dereva wa basi chupa ya gamza. Usiinywe wewe. Mpe huyo wa malimau.

Shangazi yako,
Tsenka


Valensia
10 Machi 2003

Shangazi,

Juni.

Nimeshindwa kuanza na salamu, nisamehe. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama, soksi zikaanguka, nikakaa chini jikoni katikati ya vitunguu nikalia na kucheka kwa pamoja. Mpishi mkuu alidhani nimepata msiba. Mateu akamwambia, "Hapana, ni shangazi yake." Kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Kumbe linaeleza.

Ni mtoto wa Mateu. Ni mtu mwema, Shangazi, mkimya asubuhi na mchekeshaji jioni, na anataka tuoane. Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nilijua ukisikia hivi kwenye karatasi, utaona nimeshapotelea huku moja kwa moja. Nikadhani nikishakuleta huku, nikuonyeshe chumba chako, ndipo nikuonyeshe na tumbo. Mama sina. Baba sina. Sikutaka mtoto wangu azaliwe mikononi mwa watu wote isipokuwa wangu. Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakuharakisha kama mwenye moto.

Chupa ilifika salama. Nimepata kisa cha kukusimulia. Jumapili Mateu alinipeleka kwao. Baba yake, Mzee Blai, maisha yake yote amepika wali wa samaki na hajawahi kumsifu mtu. Mateu aliiweka gamza kwenye ndoo ya barafu, kama ulivyoelekeza kwenye karatasi ya chupa. Mzee Blai akapiga kelele: divai nyekundu, kwenye barafu, na samaki! Katika nyumba yake! Akamimina kidogo ili apate sababu ya kukasirika zaidi. Akanywa. Akala kijiko cha wali. Akanywa tena. Akainua glasi dirishani, akaviangalia vidole vyake upande wa pili.

"Nani ametengeneza hii?"

"Shangazi yake."

"Mwambieni shangazi yake aje."

Kisha chupa ikahamia upande wake wa meza, ikakaa huko mchana kutwa. Mimi nilinusa tu. Shangazi, nilinusa uwanja wetu. Nilimnusa baba akirudi kutoka shambani. Tangu nije huku sijawahi kulia kwa ajili ya nyumbani. Siku hiyo nililia mbele ya wakwe, na hawakushangaa.

Lakini Bwana Penchev anasubiri mpaka Pasaka tu. Nyumba ya vyumba viwili nayo haitasubiri. Sijui nifanye nini. Niambie wewe.

Mwanao,
Zornitsa


Ostrovets
2 Aprili 2003

Zorka, mwanangu, mama wa mtu,

Leo sina haja ya kuuliza hali. Nimeizunguka nyumba nikiimba mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama nimeanza kunywa mapema. Nikamwambia ndiyo. Nitakuja Juni, hata kama basi lile litaniachisha goti njiani. Mwambie Mzee Blai asiguse barafu mpaka nifike. Huyo Mateu wako tayari nampenda, maana anayening'iniza kitunguu saumu mahali pa nyota ana moyo.

Sasa na mimi nina langu. Nimelizungusha kwenye barua zote, na wewe umelinusa tangu Desemba.

Gavril ameniomba tuoane. Aliniomba siku ile ile ya Trifon, na taji sikioni. Nilimwambia nitafikiria, na mpaka leo naendelea kufikiria. Zorka, nina miaka sitini na mmoja. Mtu wa umri huu anaolewa ili iweje? Na baba yako, Mungu amrehemu, hakumpenda. Na wewe ulitaka nije huko nilee mjukuu, nami nikuambie nini, siwezi kuhama, kuna mzee wa injini ananisubiri? Niliona aibu. Kwa hiyo nikakuandikia habari za mvua.

Anakuja kila siku mchana. Anasema gamza ni maji, kisha anakunywa jagi zima. Nikimuuliza kwa nini, anasema anafanya uchunguzi. Akiondoka, nyumba inakuwa kubwa.

Kuhusu shamba. Nimekwenda Vidin, na safari hii niliingia ndani. Wakili ni binti mdogo, ana nywele za kijani. Nilichosaini ni hiki: nusu yangu nimekukabidhi, uiuze au uiache kwa hiari yako. Ukihitaji nyumba, uza. Sitanung'unika, wala sitakuja kuangalia wakati wanang'oa. Mizabibu ni ya baba yako na mimi, lakini mtoto ni wa kesho. Usiamue kwa kunihurumia. Na kama ukiuza, usimlaumu Gavril. Ameshakoma kusema "uza", sasa kila asubuhi anaamka kufunga vishina vyangu kabla ya vyake.

Shangazi yako anayekupenda,
Tsenka


Valensia
19 Aprili 2003

Shangazi,

Naandika nikiwa nimesimama posta, tumbo limeegemea kaunta.

Nimempigia simu Bwana Penchev. Nimemwambia hapana. Alisema anaelewa, akauliza kama anaweza kupita kuchukua chupa mbili "za nyumbani, si za soko". Nyumba ya vyumba viwili haikunisubiri. Tumepata chumba kimoja kikubwa chenye roshani, na Mateu amejenga ukuta wa mbao, kwa hiyo ukihesabu vizuri ni viwili.

Sikukuhurumia. Nilijihurumia mimi. Nilitaka mwanangu siku moja ainuse gamza, ajue alikotoka.

Sasa nenda barabarani, mtafute huyo mzee wa uchunguzi, umwambie ndiyo. Baba alimchukia kwa sababu ya mpaka wa shamba tu, na mkioana hakuna mpaka. Ila ole wenu nisikie mmeoana bila mimi!

Mwanao,
Zornitsa


Ostrovets
30 Septemba 2003

Zorka wangu,

Natumaini mmefika salama, na kwamba mjukuu wangu Iliana hakulia kwenye ndege kama alivyolia kanisani. Sauti ile ni ya baba yako kabisa. Mwezi niliokaa nanyi pale Valensia nilidhani nimeshamzoea, kumbe alikuwa anaificha.

Mliondoka Jumatatu alfajiri kuwahi ndege, mkakosa siku ya pili ya harusi yetu mimi na Gavril, nayo ndiyo ilikuwa harusi. Ngoja nikusimulie.

Jumapili uliona mwenyewe: watu ni wengi, joto ni la Agosti, na mto umepungua mpaka visiwa vya mchanga vimetokea ambavyo hata Gavril hakuvijua. Gavril alikuwa ameviringisha mapipa yake mawili ya divai nyeusi mpaka uwanjani, ameyafunga utepe. Yangu ilikuwa kisimani, inapoa. Mlipolala, sisi tuliendelea. Basi Jumatatu mchana, supu ya kambare iko mezani, ikasikika kelele kisimani. Gamza imekwisha! Tone halipo. Wale wapiga tarumbeta walikuwa wanateremsha ndoo na kupandisha maji matupu, wanalaumiana. Na mapipa ya Gavril? Utepe haujafunguliwa.

Nilimwonea huruma. Nilijua atanuna. Akasimama juu ya kiti, bwana harusi mzima, shati limechomoka.

"Jamani! Miaka yote nimesema divai ya mke wangu ni maji. Leo mmekunywa kisima chote. Wote mashahidi: nimeshindwa, na nimeoa aliyenishinda!"

Wakambeba tena mabegani, na safari hii walimwangusha. Hakuumia, aliangukia keki. Halafu wakafungua mapipa yake kwa adabu, wakala nayo nyama choma, na kila mtu akawa na meno meusi, na mimi nikacheza mpaka goti likasahau kwamba ni goti. Mzee Blai, ambaye mlimwacha abaki wiki moja "apumzike", alicheza mwisho wa mstari wa wachezaji akishika leso, hajui neno hata moja la Kibulgaria, anaamrisha wapigaji kwa kijiko.

Tumeshavuna ya mwaka huu. Kwa jua lile, ya Gavril imekuwa nzito, unaweza kuipaka kwenye mkate. Gamza imestahimili. Imeiva polepole kule juu kwenye upepo, rangi yake ni ya midomo ya mtoto aliyekula cheri. Tuliichuma sote wawili, na hakubishana hata kidogo. Mpaka nikamuuliza kama anaumwa.

Mbusu mtoto. Mwambie Mateu supu yake ya kambare, ile aliyoipika Jumamosi na wali, bado inazungumzwa. Kuna watu wameniuliza anarudi lini kupika.

Shangazi yako,
Tsenka, na Gavril anayesukuma kiwiko changu ili asalimie


Valensia
19 Oktoba 2003

Shangazi yangu, na Mzee wangu Gavril,

Salamu zenu zimefika, na pole kwa keki.

Hatujambo. Iliana ameota jino, anauma kila mtu isipokuwa Mzee Blai, ambaye amerudi akijigamba kwamba amejifunza Kibulgaria. Anajua "haya" na "mimina".

Barua yenu niliisomea mezani. Nilipofika kwenye wale wanaouliza Mateu anarudi lini, nilicheka nikaendelea. Yeye hakucheka. Aliweka uma. Kesho yake akaniuliza ile nyumba ya zamani ya mvuvi pale kando ya mto, yenye dari lililobonyea, ni ya nani. Siku ya pili yake akaniuliza kambare hupatikana miezi gani. Usiku, nilipodhani amelala, aliuliza kama watu wa Vidin wangeweza kuendesha gari mpaka kijijini kwa ajili ya sahani moja ya wali wa samaki na gamza ya kisimani.

Nikamwambia watu wa Vidin wangeendesha mpaka mwezini kama wangejua kuna kitu kipya cha kusengenya.

Shangazi, tunakuja. Si kwa harusi, si kwa wiki mbili. Tunakuja Februari, kabla ya Trifon, na mitungi yetu na masufuria na mtoto. Labda mgahawa utashindikana. Labda tutakula wenyewe wali wote. Lakini nataka kushika mkasi nipogoe mstari wa baba kwa mkono wangu mwenyewe, na nataka nifanye hivyo nikiwa na watu wangu wote kwenye mteremko mmoja.

Kitu kimoja tu. Mateu amezaliwa hapa, penye michungwa, na jana aliniuliza Februari huko kuna baridi kiasi gani. Nilimtazama machoni nikamwambia ni kama Valensia, ila na shali. Tafadhali, nyinyi wawili, msimwandikie neno lolote mpaka tiketi zitakapokuwa zimelipiwa.

Mwanenu,
Zornitsa